Masega ya Gari Kuukuu

Katika hukumu zote zitolewazo katika gereji zetu, tangu Gerezani ya Dar es Salaam hadi Grogan ya Nairobi, hapana iliyoenea kwa wepesi na kupokewa kwa ridhaa zaidi ya ile isemayo kwamba gari kuukuu lililopungukiwa na nguvu, na ambalo taa ya injini imewaka katika dashibodi yake ikakataa kuzimika, halihitaji masega mapya, bali lahitaji kuondolewa yale ya zamani na kuchomelewa bomba tupu mahali pake. Hukumu hiyo hutolewa kwa dakika chache, hutekelezwa kabla ya adhuhuri, na aghalabu humgharimu mwenye gari fedha kidogo asizozionea uchungu. Pengine hatozwi kitu, kwa kuwa fundi hujilipa mwenyewe kwa kile alichokitoa. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Naamini kwamba masega yaliyokufa katika gari lililotembea kilometa 200,000 na zaidi yapasa kubadilishwa, wala si kung'olewa. Kwamba kabla ya kubadilishwa yapasa kutafutwa kilichoyaua. Na kwamba gharama yake, ambayo sikatai kuwa ni nzito, ni dhima ya mwenye gari kama zilivyo gharama za breki na matairi, wala hana haki ya kuwatwika wapita njia dhima hiyo pasipo wao kujua.

Yafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe, maana wengi waliokwisha kukiuza hawakupata kuambiwa kazi yake. Masega hukaa katika njia ya moshi, ama baada tu ya injini ama chini ya sakafu ya gari, ndani ya ganda la chuma kisichoshika kutu. Mna ndani yake gogo la kauri lililotobolewa vitundu vyembamba, aghalabu kiasi cha 400 katika kila inchi ya mraba, mfano wa sega la nyuki. Na kuta za vitundu hivyo zimepakwa tabaka la alumina lililotawanyiwa chembe za madini matatu ya thamani kubwa, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli upitapo humo hubadilika tabia. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni takriban mara 200, hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi. Mvuke wa mafuta yasiyoungua hugeuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi vilevile. Na oksaidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na jua husaidia kuzaa ozoni iunguzayo mapafu, huvunjwa zikarudi kuwa nitrojeni ile ile tuivutayo kila siku pasi na madhara. Kazi hii haianzi mpaka masega yapate joto la nyuzi 250 au 300 za Selsiasi, na yakiisha kulipata, yakiwa mazima, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu. Msomaji na aigeuze hesabu hiyo upande wa pili: gari moja lililong'olewa masega hutoa sumu ya magari kumi yaliyo nayo, na mtu akisimama nyuma yake huenda asione moshi hata kidogo.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili mapema na kwa bidii kubwa alikuwa Eugene Houdry, mhandisi wa Kifaransa aliyehamia Marekani, ambaye katika miaka ya 1950, ukungu mchafu ulipokuwa ukiifunika Los Angeles, na mwanakemia Arie Haagen-Smit akabainisha kwamba asili yake kubwa ni moshi wa magari uliogeuzwa na jua, alitengeneza chombo cha kuusafisha moshi huo. Chombo chake hakikupata soko. Petroli ya siku zile ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na risasi ilipotua juu ya yale madini iliyafunika yakawa kama hayapo. Ilibidi ingojwe sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, na magari ya mwaka 1975 yaliyouzwa kwa sharti la kunyweshwa petroli isiyo risasi, ndipo masega yalipoanza kuenea ulimwenguni.

Kwetu mambo yalichelewa miaka 30 zaidi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia katika mkutano wa Dakar, Juni 2001, kuiacha petroli ya risasi, na azimio hilo likatimia karibu kote ilipofika Januari 2006. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitangaza mwisho wa petroli hiyo duniani Agosti 2021, baada ya Algeria, iliyokuwa ya mwisho kuiuza, kuiaga. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu moja. Kabla ya petroli kusafishwa, gari la Kijapani lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam na masega yake mazima liliyapoteza katika matenki machache ya mwanzo, na fundi aliyeyang'oa hakumdhulumu mtu, kwa kuwa hata mapya yangalikufa mauti yaleyale. Yamkini mazoea ya kung'oa yalizaliwa katika zama hizo, nayo yalikuwa na udhuru wa haki. Udhuru ulikwisha takriban miaka 20 iliyopita. Mazoea yamebaki, yakarithishwa na fundi kwa mwanagenzi wake, na mwanagenzi hakuelezwa sababu.

Tutazame basi jinsi hukumu inavyotolewa leo. Taa ya injini huwaka, mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikachomekwa chini ya usukani, ikatoa alama ya P0420, au P0430 kwa upande wa pili wa injini yenye safu mbili za silinda, na fundi akasema masega yamekufa na shauri limekwisha. Alama hiyo haisemi hivyo. Husema kwamba kompyuta imelinganisha habari za sensa mbili za oksijeni, moja iliyo mbele ya masega na ya pili iliyo nyuma yake, ikaona kwamba ile ya nyuma inapanda na kushuka upesi kama ya mbele, ilhali masega mazima huihifadhi oksijeni na kuitoa kidogo kidogo hata sensa ya nyuma ikatulia karibu na mstari mmoja. Sasa, sensa iliyochoka, au gasketi ya manifoldi iliyopasuka, au bomba lililotoboka kabla ya sensa likavuta hewa ya nje, vyote vyaweza kuzaa ushahidi uleule. Na mwenye gari aliyekopa fedha akanunua masega huenda akagundua baada ya siku chache, taa ikiwaka tena, kwamba kosa lilikuwa tundu dogo ambalo kuliziba kusingefika sehemu ya kumi ya gharama aliyoitoa.

Kwa hiyo fundi mwenye insafu huanza kwa kutafuta mvujo wa moshi injini ikiwa bado baridi, kisha hutazama mwendo wa sensa zote mbili katika mashine, kisha hupima. Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Yaliyoziba hujulikana kwa kufungua sensa ya mbele na kutia geji ya kanieneo mahali pake: injini ikizungushwa mizunguko 2,500 kwa dakika, na mshale ukapanda na kuendelea kupanda, njia imefungwa. Yaliyovunjika hujulikana kwa kugonga ganda kwa kiganja, gari likiwa limepoa, na kusikiliza kauri ikicheza ndani yake. Yaliyochoka tu, bila ya kuziba wala kuvunjika, ndiyo yatakayo subira ya fundi na uaminifu wa mashine, na hapo ndipo gereji nyingi huishiwa na vyote viwili.

Lakini hata vipimo vikithibitisha mauti, lipo swali ambalo kwa kawaida haliulizwi, nalo ni hili: yaliuawa na nini? Masega hayana kiungo kisogeacho wala kisuguanacho, na madini yake hayaliwi na kazi yake. Katika injini yenye afya yaweza kutembea na gari mpaka uzee wake wote. Yakifa mapema, au yakifa ghafula, yamelishwa kitu kisichokuwa chao.

Mshukiwa wa kwanza katika gari lililotembea sana ni oili. Ringi zikichoka, au sili za valvu zikikauka, oili hupenya katika silinda ikaungua pamoja na petroli, na fosforasi na zinki zilizotiwa ndani yake kwa ajili ya kulinda vyuma huenda zikatua juu ya madini ya masega, siku baada ya siku, mpaka zikayafunika kama risasi ya zamani ilivyoyafunika. Mfano unaojulikana ni injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, iliyofungwa katika Premio, Allion na Wish nyingi za lita 1.8 zinazopita katika barabara zetu. Zile za miaka ya mwanzo ya uzao wake zilikuwa na pistoni zenye vitundu vidogo mno vya kurudishia oili; ringi zikaganda, na injini ikawa inakula oili kimyakimya, na mwenyewe hana habari mpaka siku ile achomoapo kijiti cha kupimia na kukikuta kikavu. Kumfungia mwenye injini ya namna hiyo masega mapya, kabla ya kuifungua injini na kuitia pistoni na ringi zilizorekebishwa, ni kumwibia mchana kweupe, hata kama fundi hakukusudia wizi. Nami ningependa kila gereji iwe na desturi ya kumwuliza mteja, kabla ya kulifikiria bomba lake, gari lake hula oili kiasi gani kati ya huduma moja na nyingine; swali ambalo halina gharama na ambalo lingaliokoa fedha nyingi.

Mshukiwa wa pili hufanya kazi kwa haraka zaidi. Plagi iliyochakaa au koili iliyokufa huiacha silinda moja ikipokea petroli bila ya kuichoma, injini ikapiga misi, na petroli ile mbichi ikaingia katika masega yenye moto ikawakia humo, joto likapanda hata kauri yenyewe ikayeyuka na kuziba vitundu vyake. Ndiyo sababu taa ya injini ikipepesa, badala ya kuwaka tuli, dereva hutakiwa kupunguza mwendo na kusimama mapema awezavyo. Na dereva wetu, ambaye tangu zamani ameifunika taa hiyo kwa utepe mweusi isimkere machoni, huendelea na safari yake mpaka Morogoro.

Mshukiwa wa tatu ni mafuta yaliyoghushiwa. Zama ambazo mafuta ya taa yalikuwa nafuu mno kuliko dizeli na petroli, wafanyabiashara wasio na haya waliyachanganya, hata Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa nia moja ya kukata tamaa ya walaghai. Dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwa kuwa aliyewasha kandili na kupikia jiko la utambi alitozwa dhambi ya mtu mwingine; lakini kwa injini na kwa masega, petroli iliyo petroli ni uhai. Maji ya rejeta yapenyayo kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua, gamu ya silikoni ipakwayo pasipo kiasi, tuta lililogonga ganda, na dimbwi la maji ya mvua linaloyakuta masega katika joto lake kali na kuyapasua, hayo nayataja tu yasisahauliwe.

Yako pia masega ambayo mauti yake huidhuru injini yenyewe. Katika injini za Nissan za QR25 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, yale yaliyokaa karibu kabisa na injini yalipovunjika, vumbi la kauri liliweza kurudi nyuma likaingia katika silinda na kuzikwaruza kuta zake, ikawa injini nzima imeharibika kwa ajili ya kipande ambacho mwenye gari alikuwa ameambiwa kingoje mwisho wa mwezi. Mafundi huutumia mfano huo kuwa hoja ya kung'oa. Mimi nauona kuwa hoja ya kutochelewa.

Watetezi wa bomba tupu hudai kwamba gari likiondolewa masega hupata nguvu na hupunguza kula mafuta. Dai hili lina chembe ya ukweli, nayo ndiyo iliyolipa umaarufu. Gari ambalo masega yake yameziba, likiondolewa kizuizi, hupumua, na dereva huona kwa macho yake kwamba kilima kilichomshinda jana leo kinapandika. Lakini nguvu aliyorudishiwa ni ile iliyokuwa yake siku zote, na masega mapya yangalimrudishia iyo hiyo. Masega mazima hayaizuii injini ya gari la kawaida kwa kadiri ambayo dereva wa mjini aweza kuihisi. Kisha kuna taa, ambayo haizimiki kwa kung'oa, kwa kuwa kompyuta huona kwamba masega hayapo. Basi fundi huisogeza sensa ya nyuma kutoka katika mkondo wa moshi kwa kuifungia kibomba cha kuongeza urefu, ipate moshi hafifu na kuidanganya kompyuta kwamba mambo ni salama. Mwenye gari hulipia hapo ushahidi wa uongo ndani ya chombo chake mwenyewe, na atakayelinunua gari hilo baada yake hulipia mara ya pili.

Nakuja sasa kwenye hoja ambayo sina haki ya kuidharau, nayo ni bei. Masega halisi ya kiwanda kwa gari la miaka 18 yaweza kufika sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe, na mwalimu au muuguzi aliyelinunua gari hilo kwa mkopo wa chama cha akiba hawezi kuhutubiwa habari za ozoni kana kwamba ana fedha zilizolala. Tukumbuke namna magari haya yanavyotufikia. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi wa Tanzania hatukuweka mpaka, bali tunatoza ushuru wa nyongeza kwa gari lililozeeka. Sheria ya Marekani, kwa upande wake, humlazimisha mwenye kiwanda kuyadhamini masega ya gari jipya kwa miaka 8 au maili 80,000, ambazo ni takriban kilometa 129,000. Basi hata Mkenya, mwenye sharti kali kuliko Mganda na Mtanzania, aweza kulipokea gari katika umri uleule ambao kwingineko dhamana ya masega huwa imemalizika; na sisi wengine twalipokea likiwa limeupita umri huo zamani, tena na mita ya kilometa ambayo pengine imekwisha kurudishwa nyuma na mkono wa mtu.

Wala si kila gari hufika na masega yake. Mwaka 2020 taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika, yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Katika mwaka huohuo wakaguzi wa Uholanzi, waliochunguza magari yaliyokuwa yakipelekwa Afrika kupitia bandari zao, waliona kwamba mengine yalikuwa yameondolewa masega hukohuko kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo mnunuzi anayemshuku fundi wa Ilala huenda aliuziwa bomba tupu tangu ng'ambo, akalilipia ushuru kamili.

Afanyeje basi mtu wa kipato cha kadiri? Yapo masega mapya yasiyotoka katika kiwanda cha gari, na bei yake ni nafuu sana. Sababu ya unafuu si siri: yametiwa madini machache. Marekani yenyewe, ilipoweka masharti ya masega ya badala mwaka 1986, ilidai yasafishe moshi kwa maili 25,000 tu, ambazo ni kama kilometa 40,000. Mimi siyadharau kwa ajili hiyo. Gari linalotembea Mbagala hadi Posta na kurudi, kilometa 30 au zaidi kidogo kwa siku ya kazi, laweza kukaa na masega ya namna hiyo miaka minne na yakaendelea kufanya kazi yake, madhali injini imekwisha kuponywa, na madhali muuzaji ana duka linalojulikana na anatoa risiti yenye dhamana ya maandishi. Nisiyoyataka ni yale yasiyo na jina wala namba, ambayo ndani yake mna kauri tupu iliyopambwa ionekane kama kitu. Na ya mtumba, je? Hayo huuzwa kwa kutazamwa kwa macho, na macho hayaoni fosforasi iliyolala juu ya madini. Anayeyanunua hununua ugonjwa wa gari asilolijua, na akayafunga katika gari alilokwisha kulitibu.

Ajabu ya mambo haya ni kwamba kitu kiitwacho taka gerejini, uzani kwa uzani, ndicho chenye thamani kuliko kingine chochote kilichofungwa chini ya gari. Machi 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 29,000 za Marekani, zaidi ya mara 15 ya bei ya dhahabu. Imeshuka sana tangu hapo, lakini haijawa kitu cha kutupwa. Wapo watu wazungukao katika gereji za miji yetu wakinunua masega, simu zao zimejaa picha na bei ya kila namba iliyopigwa juu ya ganda, nao huijua thamani ya gari la mtu kuliko mwenyewe. Fundi amwambiaye mteja, "Haya hayana kazi tena, bosi, niachie mimi nikutupie," huenda anamwondolea taka, na huenda anapokea kutoka kwake malipo ambayo mteja hakujua kuwa ameyatoa. Simhukumu sana, kwa maana ujira wa ufundi katika nchi zetu ni mdogo hata kuwa fedheha. Lakini tamaa ya kung'oa haiwezi kueleweka bila ya kuitaja fedha hii.

Na madini hayo asili yake ni wapi? Afrika Kusini, katika migodi ya Rustenburg na kandokando yake, hutoa sehemu kubwa ya platinamu na rodiamu ya dunia yote, na Zimbabwe ina hazina yake katika safu ya Great Dyke. Tena hukohuko Afrika Kusini, katika mji wa Gqeberha, zimo karakana zitengenezazo masega ya kuuzwa Ulaya. Madini yaliyotoka barani mwetu huenda Japani, yakarudi Dar es Salaam chini ya gari la mtumba, yakang'olewa kwa msumeno, yakapakiwa tena kwenda kuyeyushwa ng'ambo, na Mwafrika aliyekuwa nayo mkononi mara mbili akabaki na moshi.

Moshi huo hauvutwi na mwenye gari. Yeye yumo ndani, vioo vimepandishwa na kiyoyozi kinavuma. Anayeuvuta ni mama ntilie aliyeweka meza yake kando ya kituo cha Buguruni, na kijana wa bodaboda aliyekwama nyuma ya bomba, na askari wa usalama barabarani asimamaye katikati ya makutano saa nzima ya foleni, na mtoto wa shule aingojaye daladala ambaye pua yake haiko mbali sana na kimo cha bomba lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 duniani katika mwaka 2019. Si vyote vya magari, na katika miji yetu mkaa na taka zichomwazo majaani vina fungu lao. Najua pia jibu litakalonijia, kwamba malori na mabasi ya dizeli hutoa wingu jeusi mchana mzima bila ya kuulizwa, sembuse gari dogo la petroli ambalo moshi wake hauonekani. Wingu jeusi ni ovu, na dizeli yenye salfa kidogo iliyoanza kuuzwa Afrika Mashariki mwaka 2015 haikulimaliza. Lakini wingu hilo angalau humwambia mtu afunike pua, na kaboni monoksaidi haimwambii mtu neno.

Sheria hazikukosekana. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, na Kenya iliweka zake mwaka 2014. Kinachokosekana barabarani ni kipimo. Askari hukagua tairi, taa, bima na stika ya nenda kwa usalama. Ni nadra sana kumwona mtu akitia mrija wa kipima gesi katika bomba la gari dogo, ilhali kipimo hicho huchukua dakika chache na hakijali kama masega ni ya kiwanda, ya badala au ya mtumba, maana hupima kilichotoka tu. Ningeanza na magari yanayoingia bandarini, kwa kuwa hapo ndipo pana mlango mmoja na karatasi za kila gari, na mnunuzi wa gari lililofika bila ya masega arudishiwe gharama na aliyeliuza kabla gari halijapewa namba.

Hata hivyo, la kwanza kwangu, na lisilohitaji askari, ni kuikutanisha bei ya masega mapya na thamani ya yale ya zamani. Waagizaji wa vipuri wapokee masega yaliyokufa kwa uzani na namba yake, wakate thamani hiyo katika bei ya mapya, kama baadhi ya maduka ya betri yanavyopokea betri mbovu na kumpunguzia mnunuzi. Nao wakusanye mzigo wao na kuwauzia wayeyushaji kwa leseni na kwa hesabu iliyo wazi. Mnunuzi wa chuma chakavu naye aandikishwe, na akatazwe kupokea masega yasiyo na karatasi yenye namba ya gari yalikotoka. Mpaka hayo yafanyike, mwenye gari ajilinde mwenyewe: awepo wakati gari linapoinuliwa, adai kipande cha zamani kiwekwe mkononi mwake hata kama kimevunjika, akipimie bei kwa wanunuzi wawili watatu, na fedha atakayoipata aiongeze katika malipo ya masega mapya.